Damu na Platini

Ningefunga mdomo siku ile, mama angeanza matibabu mapema. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndugu zangu wakisimulia habari hii huanza na baba, wakamfanya yeye mzee mkaidi wa mambo ya kale, na mimi nikawa mtoto msomi niliyehangaika na wazazi. Wananipendelea tu. Aliyeharibu ni mimi, na niliharibu kwa kujifanya najua.

Nafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Sumbawanga, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Kilichonifanya niipende kazi hii si asidi wala chumvi. Ni zile metali chache zilizopangwa pamoja katikati ya jedwali la elementi, ambazo ardhi imezificha kuliko dhahabu: rodi, paladi, iridi, osmi, platini. Hazishiki kutu. Asidi nyingi haziziwezi. Mtu anaweza kuchimba mlima mzima na asipate ya kujaza kijiko. Mwenyewe sikuwahi kuona hata punje yake katika hali ya usafi, maana shule yetu hata spiriti ya taa ni ya kuomba, basi nilizifundisha kwa vitu vya mtaani. Niliwaletea wanafunzi plagi ya gari, nikawaonyesha kipande cha iridi kisichozidi ncha ya sindano. Niliwaambia kuwa zile kalamu za wino za zamani zilitiwa osmi kwenye nibu ili isilike. Niliwaambia kuwa chini ya kila gari dogo linalopita mtaa wa Malangali kuna masega, kitu kama tofali lenye matundu ndani ya bomba la moshi, na kwenye kuta za matundu hayo wamepaka rodi na paladi na platini kwa wembamba usioonekana, ili moshi wenye sumu uingie na utoke umepungua ukali. Nilikuwa nikifika hapo sauti inapanda yenyewe.

Mama yangu alipoumwa alificha. Alikuwa amekwisha kuachana na mambo ya mwezi kwa miaka mingi, kisha damu ikarudi. Hakumwambia mtu. Mwisho aliniambia mimi, tena shambani, tumeinama tunavuna ulezi, bila kunitazama. Nikampeleka hospitali. Vipimo vilichukua muda wake, na majibu yalipotoka daktari alituita wote wawili, akatueleza taratibu kuwa ni saratani ya shingo ya kizazi, kwamba haijaenda mbali, na kwamba akiwahi Dar es Salaam kwa mionzi na dripu kuna matumaini mazuri. Alirudia neno akiwahi mara mbili. Mama alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwani kwa mikono yote miwili.

Mimi nikauliza, "Dripu ya dawa gani, daktari?"

Akaitaja. Ni dawa iliyojengwa juu ya platini. Chembe moja ya platini huingia ndani ya seli ya ugonjwa, ikazikamata nyuzi zake zisiachane, seli ikashindwa kuzaa. Nilikuwa nimeisoma tangu chuoni. Na pale, mama yangu mzazi akiwa kando yangu na ugonjwa wake, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikaanza kumwonyesha daktari kuwa naijua, tukaongea kama walimu wawili, na mama akatusikiliza.

Kijiji chetu kiko juu uwandani, kabla barabara haijaanza kuteremka ukingoni kwenda Muze. Tulifika nyumbani saa nane mchana. Baba alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Wamesemaje?"

Hapo ndipo ningesema, wamesema aende Dar akatundikiwe dripu. Maneno hayo tu. Baba anaijua dripu, alishatundikiwa ya malaria. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikavuta kigoda, nikaanza somo. Nikamwambia kuwa dawa yenyewe ina metali adimu, haipatikani ovyo, iko ndani yake hasa, itapita kwenye mshipa hadi kule kwenye ugonjwa. Nilidhani namtia moyo. Nilidhani mtoto wa wafua chuma atafurahi kusikia kuwa mkewe anatibiwa kwa chuma cha kifalme.

Baba akaliweka gunzi chini.

"Chuma hicho kimetoka kwenye moto?"

"Metali zote hupitia kwenye moto, baba."

"Na mama yako ana damu."

"Ndiyo maana anatibiwa."

"Mwanamke mwenye damu hakaribii tanuri," alisema. "Wewe unataka tanuri limfuate yeye mpaka ndani."

Ukoo wa baba ulikuwa wa kuyeyusha chuma. Tanuri lenyewe, ilungu kwa Kifipa, bado limesimama nusu kwenye shamba letu la juu, udongo wa kichuguu uliochomwa ukawa mwekundu, refu kupita mtu hata sasa lilipovunjika. Babu alilihudumia enzi za mwisho, na baba akiwa mtoto mdogo aliwabebea mkaa. Nimesikia habari zake tangu nanyonya. Tanuri lilipambwa kama bibi harusi. Wanaume walihamia huko, wakalala huko, hawakurudi kwa wake zao mpaka chuma kizaliwe. Na mwanamke aliye kwenye siku zake hakupita hata kwenye njia ile. Akipita, chuma hakitoki, na yeye mwenyewe damu haikatiki.

Haya yote niliyajua. Mtu mwingine angekosea kwa kutojua. Mimi niliyajua na nikasahau kuwa baba bado anayaishi.

Nikamwambia, "Baba, wewe ni katekista. Unafundisha watoto komunyo."

"Ukatekista nilipewa," akasema. "Mwiko nilizaliwa nao." Akaokota gunzi lake akaendelea.

Mama alikuwa amekaa mlangoni amenyoosha miguu. Akasema, "Mimi naona..." Nikamkatisha. Nilimwambia, "Subiri mama, nimalizane na baba kwanza." Naye akasubiri.

Jumamosi iliyofuata nikarudi na hoja mpya. Baba ana kalamu ya wino aliyopewa na padri mmoja zamani, anaandikia majina ya watoto wa ubatizo. Nikaichukua nikamwonyesha ncha yake. "Hii ina osmi, baba. Ni ndugu wa ile ya mama. Umeishika miaka yote, umeiuma hata kwa meno ukifikiri, na hujadhurika." Nilijiona nimemweza. Baba akaitazama kalamu ile upande huu na upande huu. Akaifunika, akaiweka juu ya kabati, na kuanzia siku hiyo akaandika kwa kalamu ya biki ya dukani, ile ya buluu. Nilichopata ni kumharibia mzee kalamu yake.

Nikamwita paroko aje aongee naye. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, akampa kuku, akamsindikiza hadi barabarani. Hakubadilika.

Basi nikasema, huyu dawa yake ni kuona kwa macho. Nikamleta mjini, nikampeleka gereji moja ya Malangali kwa fundi ninayemfahamu, ambaye alikuwa na masega ya kigari yaliyopasuka. Mama naye alikuja, akabaki kwenye kivuli cha ukuta, maana kusimama kulikuwa kumeanza kumchosha. Fundi akamwamkia baba shikamoo, akayatoa masega kwenye kiroba, akampa. Baba akayapima uzito mkononi. Akayanusa. Akachungulia matunduni kuelekea juani.

"Hili ni tofali," akasema.

"Ni udongo uliochomwa, ndiyo," nikamwambia. "Lakini hizo kuta zimepakwa metali zenyewe, zile adimu. Moshi wenye sumu unapita hapo unasafika, na metali yenyewe haipungui. Inafanya kazi bila kuliwa. Unaona ilivyo njema?"

"Iko wapi?"

"Haionekani, baba. Ni nyembamba mno."

Akayarudisha kwa fundi kwa mikono miwili, kama anayemrudishia mtu mtoto wake. "Babu yako alitoa chuma kikiwa donge," akaniambia. "Ukikiona unajua kiko wapi, unajua mwanamke apite upande gani. Hiki chako hakionekani na hakiishi. Mtu atakikwepa vipi?"

Fundi akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha. Nilikuwa nimekasirika. Mwalimu mzima, nimeshindwa na mzee mwenye darasa la nne mbele ya gari bovu. Niliwapandisha baba na mama Noah ya abiria ya kurudi kijijini bila kumuaga baba vizuri. Mama alinishika kiwiko akasema, "Punguza." Nikadhani ananitetea. Nikamwambia nitamweza tu.

Msomaji atauliza kwa nini sikumchukua mama mkono nikampeleka. Nami nimejiuliza hivyo, kanisani, darasani, jikoni. Nilikuwa na barua ya daktari, nilikuwa na likizo, na baba hakuwahi kusema kwamba atatuzuia njiani. Jibu ninalo na linanitia aibu. Nilitaka kushinda. Nilitaka baba akubali kwa kinywa chake kuwa metali zangu ni njema na mwiko wake ni moshi mtupu. Kila Jumamosi nilipanda kijijini na kipengele kipya cha sayansi, na kila Jumamosi mama alituletea chai, akakaa mlangoni, akatusikiliza tukimgombania. Hivyo ikapita zaidi ya miezi miwili. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani tulipoanza, tulipofika mwisho yalikuwa ghalani.

Jumamosi ya mwisho nilimkuta baba uani kama kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kuwa udongo wa tanuri lenyewe huenda una chembe za metali hizo, kwa hiyo tayari ziko kwenye ukoo. Sijui nilitoa wapi upuuzi ule. Kabla sijafika katikati mama akatoka ndani amevaa kitenge chake cha misa, na mfuko wa safari mkononi. Alikuwa amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili.

Hakusema na mimi. Alipiga goti kidogo mbele ya baba akamwambia kwa Kifipa kuwa anakwenda. Baba akautazama mfuko wake. Akasema, "Nenda." Nusu saa baadaye tulikuwa barabarani.

Tulikaa siti moja kwenye basi la Dar, mama upande wa dirisha. Tulikuwa tumeshapita Tunduma ndipo nilipomwambia, "Mama, nashukuru umeushinda ule mwiko."

Akageuka. "Mwiko gani?"

"Wa chuma na damu."

"Ule ni wa ukoo wa baba yako," akasema. "Mimi nimeolewa tu kule. Kwetu ni watu wa ulezi, hatuna tanuri. Mimi chuma sikuwahi kukiogopa. Nilikuwa naogopa Dar, na kufia mbali."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Mlikuwa mnaongea nyie wenye elimu," akaendelea, "mmoja ya tanuri, mmoja ya shule. Nikasema wakimaliza wataniuliza. Nikaona hammalizi." Kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo akafumba macho.

Dar walimpima upya. Daktari wa huko, mama mmoja mpole, alisoma barua ya Sumbawanga, akatazama tarehe, akanitazama mimi. Alisema ugonjwa umesogea. Alisema watatibu, ila si matumaini yale ya kwenye barua tena. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku ya kwanza ya dripu nilikaa kando ya kitanda. Nesi akatundika chupa, na nikaiona platini kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa maji. Maji maangavu yasiyo na rangi, yanashuka tone moja moja kwenye mkono wa mama yangu. Nimeitamani tangu nasoma kidato cha tatu, na siku hiyo ningeibadilisha na miezi yangu miwili bila kufikiri. Mama alitapika sana. Baadaye akasema vidole vimekufa ganzi. Wiki za mwisho akasema kuna kengele inalia masikioni, haikatiki hata akilala. Nilijua ni nini. Vitabu vinasema wazi: platini ile ile inayoikamata seli ya ugonjwa huua na vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio, na hivyo havioti tena. Nilikuwa nimeyasoma hayo nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kwa baba sikuwahi kuyataja, maana hayakunisaidia kushinda.

Tuliporudi, baba hakuwepo nyumbani. Jirani akatuambia yuko shamba la juu. Kumbe siku zote zile za dripu alikuwa amejenga kibanda kidogo kando ya tanuri la babu, akalala huko kwenye baridi ile ya Ufipa, akala peke yake, hakukanyaga kitanda cha nyumbani. Wafua chuma walifanya hivyo ili kazi ya tanuri isiharibike. Nilimpigia simu mara nyingi kutoka Dar, na kila mara alijibu kuwa yupo, anaendelea vizuri, mama anaendeleaje. Alikuwa ananijibu akiwa pale. Alipotuona akasimama, akamtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Kimezaliwa?" Mama hakusikia. Nikamjibu mimi kwamba bado hatujui.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Ugonjwa umetulia kwa sasa, lakini barua imekuja kutoka Dar: vivuli viwili vimeonekana kwenye picha, wanapendekeza awamu nyingine ya dripu, na wameeleza kwamba masikio yatazidi kuharibika. Anaweza kukubali, anaweza kukataa akabaki na masikio aliyonayo na siku atakazojaliwa. Baba nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakuzungumzia chuma. Alisema tu, "Kamuulize mwenyewe."

Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Vidole haviisikii punje, kwa hiyo anapepeta kwa macho, polepole, na mwingi unamwagika. Baba alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye gogo. Nilisimama na barua mkononi, nikapaza sauti kadiri nilivyoweza, "Mama, wanataka urudi kwenye dripu. Wewe unasemaje?"

Alinyanyua uso. Akatazama mdomo wangu, akamtazama baba nyuma yangu, akadhani tunaongea sisi wawili. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya siku hizi asiposikia, akarudi kwenye ungo wake.

Nikachukua kigoda, nikakiweka mbele yake magoti yetu yakagusana, nikamshika mikono ile yenye ganzi mpaka akaniangalia, nikamuuliza tena.